Anneke Jans, binti wa nani? Ndoa mbili, shamba moja la Manhattan na nasaba ya kubuni

Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani wengi walitoa ada kwenye vyama vya "warithi wa Anneke Jans", mwanamke wa karne ya 17 aliyewahi kumiliki shamba Manhattan. Waliahidiwa mambo mawili. La kwanza, sehemu ya ardhi ya Manhattan ambayo Kanisa la Trinity la New York limeimiliki tangu enzi za wakoloni wa Kiingereza. La pili, urithi wa kifalme unaodaiwa kufichwa Uholanzi, kwa kuwa, walivyoambiwa, bibi yao huyu alikuwa mjukuu wa Willem wa Orange, mwasisi wa taifa la Uholanzi aliyeuawa kwa risasi mjini Delft mwaka 1584.

Madai hayo mawili yameshikana kiasi kwamba wengi huyapokea au kuyakataa kwa pamoja, na hilo ndilo linalowapoteza. La ardhi lina chembe ya ukweli ndani yake. La kifalme halina hata moja. Ili kuyatenganisha inabidi tumfuate mwanamke huyu hati kwa hati, tuhakikishe kila mara kwamba anayetajwa ni yeye, si mwingine mwenye jina kama lake. Na katika New Netherland, koloni la Kiholanzi lililokuja kuwa New York, wenye jina kama lake walikuwa tele.

Waholanzi wa kawaida wa karne ya 17 hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, sawasawa na pwani yetu tunavyosema Anna binti Jan au Rashidi bin Salimu. Anneke ni Anna kwa kulidekeza. Jans ni kifupi cha "wa Jan". Msomaji aliyezoea bin na binti anazisoma hati hizi kwa wepesi kuliko mwanasheria wa New York wa mwaka 1830, ambaye akiona Jansen anadhani ni ukoo. Anneke Jans aliolewa na Roelof Jansen, naye mwanasheria huyo hudhani mke amechukua jina la mume. La hasha. Mwanamke wa Kiholanzi alibaki na jina la baba yake hata baada ya kuolewa mara tatu. Kila mmoja kati ya wawili hawa alikuwa na baba aitwaye Jan, na Jan lilikuwa jina la kila mtaa.

Hapo tayari hekaya ya kifalme imepata ufa. Toleo lake mashuhuri linasema baba yake Anneke alikuwa Wolfert Webber, mtoto wa siri wa Willem wa Orange. Wolfert Webber halisi aliishi kweli New Amsterdam, mji wa koloni hilo kisiwani Manhattan, na ndiyo maana jina lake lilipata kuazimwa. Lakini binti wa Wolfert angeitwa Anneke Wolferts. Hakuna karani wa kanisa, wa mahakama wala wa Kampuni ya India Magharibi, iliyoendesha koloni, ambaye angemwandika Jans. Watunga hekaya walikuwa watu wa zama za majina ya ukoo, hawakuliona tatizo hilo. Tena ndoa za Willem zinajulikana zote nne, na hata Justinus, mwanawe wa nje ya ndoa, hakufichwa: alikuwa amiri mkubwa wa majeshi. Familia iliyomtambua hadharani mtoto wa nje haikuwa na sababu ya kuwazika wengine gizani.

Ila kuonyesha kwamba fulani si baba yake hakutuambii yeye ni nani. Kwa hilo twende Amsterdam.

Mwaka 1623 daftari la ndoa la mji huo liliandika tangazo la ndoa ya Roeloff Jansz, baharia wa miaka 21, na Anna Jans wa miaka 18. Makarani wa Amsterdam walikuwa na desturi ambayo kila mtafiti wa nasaba anapaswa kuishukuru: waliandika mahali mtu alikotoka. Bwana harusi ametoka Masterland. Bibi harusi ametoka Vleckeren, nchini Norwei.

Masterland ni Marstrand, kisiwa chenye bandari ambacho leo kiko Sweden. Wakati ule kilikuwa Norwei, chini ya mfalme wa Denmark, na hakikuingia mikononi mwa Wasweden hadi 1658. Anayetafuta "Roelof wa Sweden" katika hati za 1623 atatafuta mpaka achoke. Vleckeren ni Flekkerøy, kisiwa kidogo karibu na Kristiansand ya leo, ambako meli za Kiholanzi zilizofuata mbao na samaki wa heringi zilizoea kutia nanga. Kwa hiyo "binti wa mfalme wa Uholanzi" hakuwa hata Mholanzi kwa kuzaliwa. Alikuwa msichana wa visiwani Norwei, mmoja wa maelfu waliovutwa na Amsterdam kutafuta kazi, na akaolewa na baharia wa pwani ileile. Watoto wao wa kwanza walibatizwa katika kanisa la Kilutheri la Amsterdam, jambo linaloendana kabisa na watu wa Skandinavia, maana Waholanzi wengi wa mji huo walikuwa wafuasi wa Calvin, si wa Luther.

Je, tunajuaje kwamba Anna Jans wa 1623 ndiye Anneke Jans wa Manhattan? Jina peke yake halitoshi hata kidogo. Angalia New Amsterdam ya miaka ya 1630: alikuwepo Anthony Jansen van Salee, mtu aliyetoka Salé, Morocco, na ambaye hati zingine zinamwita "Mturuki". Naye ni Jansen! Mke wake Grietje Reyniers aligombana vibaya na mchungaji wa mji, na mashahidi wakaitwa mahakamani mwaka 1638 kueleza hata jinsi mke wa mchungaji alivyoinua sketi yake akipita mbele ya duka la mhunzi. Mke huyo wa mchungaji ndiye Anneke wetu, katika ndoa yake ya pili. Basi katika kesi moja, ndani ya mji mdogo, una Jans wa Norwei na Jansen wa Morocco, wasiohusiana kwa damu wala kwa ndoa.

Kinachomfunga Anneke ni neno Masterland. Mwaka 1630 Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa vito wa Amsterdam aliyekuwa na mamlaka juu ya eneo kubwa kando ya mto Hudson, aliajiri wakulima. Mmoja wao aliandikwa Roelof Jansen van Masterland, aliyepanda meli de Eendracht pamoja na mkewe na watoto. Na miaka 33 baadaye, Anneke alipoandikisha wosia, karani alimtaja kuwa mjane wa Roelof Jansen van Masterland, na baadaye mjane wa mchungaji Everardus Bogardus. Hati tatu, bara mbili, waandishi watatu wasiojuana, na mahali palepale pamoja na mume yuleyule. Huo ndio ushahidi, na mimi binafsi sihitaji mwingine ili nimtambue.

Maisha ya katikati yanaelezeka kwa haraka. Roelof alilima kwa Van Rensselaer miaka michache, kisha familia ikahamia Manhattan, ambako mama yake Anneke, Tryn Jonas, alikuwa mkunga aliyeajiriwa na Kampuni. (Tazama tena: mama ni Jonas, binti ni Jans. Kila mmoja na baba yake.) Mwaka 1636 gavana Wouter van Twiller alimpa Roelof morgen 31 za ardhi, kama ekari 62 hivi, upande wa magharibi wa kisiwa, kando ya Hudson. Hakufaidi sana. Kufikia 1637 alikuwa amefariki, na mjane wake amebaki na watoto watano.

Mume wa pili ana tatizo lake la jina. Everardus Bogardus hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Woerden akiitwa Evert Willemsz, akakulia katika nyumba ya yatima ya mji huo, na akiwa kijana, miaka ya 1622 na 1623, akapata sifa kwa sababu ya njozi na maono yaliyofuatana na vipindi vya kuwa kiziwi na bubu. Alisomeshwa, na kama wasomi wa zama zake akalivalisha jina lake vazi la Kilatini. Anayemtafuta "Bogardus" katika vitabu vya ubatizo vya Woerden hamwoni. Inabidi amtafute Evert, mwana wa Willem. Na mara amwonapo, anaelewa mara moja kwa nini mtoto wa kwanza wa mchungaji na Anneke aliitwa Willem. Desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi ilishikwa kwa nguvu sana. Binti wa Anneke kwa Roelof aliitwa Trijntje, jina la bibi yake mkunga. Mwanawe aliitwa Jan, na hapo babu wa pande zote mbili wakaridhika kwa jina moja. Mtoto mwingine wa Bogardus akaitwa Jonas, jina la baba wa mkunga. Majina ya namna hii hayathibitishi kitu yakiwa pekee, lakini yakikubaliana yote na hati, mtafiti hupumua.

Kabla ya ndoa hii ya pili, mwaka 1638, kulifanyika jambo ambalo ni uti wa mgongo wa kisa chote. Desturi ya Kiholanzi ilimtaka mjane anayeolewa tena awatengee kwanza watoto yatima fungu la baba yao. Anneke na Bogardus waliwekeana mkataba wa kuwatengea watoto wa Roelof gulden 1,000 (gulden ni fedha ya Kiholanzi), yaani 200 kwa kila mmoja. Ahadi hiyo iliwekwa, ikakaa. Bogardus alizama na meli Princess Amelia mwezi Septemba 1647 karibu na Swansea, Wales, pamoja na gavana Kieft aliyekuwa hasimu wake. Anneke, mjane kwa mara ya pili, sasa akiwa na wana wengine wanne, alihamia Beverwijck, ambayo ndiyo Albany ya leo. Shamba akalishika; mwaka 1654 gavana Stuyvesant alimwandikia hati yake.

Halafu wosia wa Januari 1663. Natamani kila anayejiita mzao wa Anneke angeusoma kabla ya kutoa senti yake kwa chama chochote. Hakujua kuandika, aliweka alama yake. Lakini hesabu ya watu wake aliijua vizuri mno. Anawataja warithi mmoja mmoja: Sara Roelofs, mke wa Hans Kierstede, Catrina Roelofs, mke wa Johannes van Brugh, Jannetje na Rachel Hartgers, watoto wa marehemu binti yake Fytje Roelofs aliyekuwa mke wa Pieter Hartgers, ambao kwa pamoja wanasimama mahali pa mama yao, Jan Roelofs, kisha Willem, Cornelis, Jonas na Pieter Bogardus. Anaagiza kwamba zile gulden 1,000 zitoke kwanza katika thamani ya shamba la Manhattan ziende kwa upande wa Roelof, kwa sababu ziliahidiwa katika mkataba wa ndoa na Bogardus. Kinachobaki kigawanywe sawa.

Kwa hati moja amefungua mafundo ambayo wajukuu wake wangekuja kuyafunga upya. Ameeleza ndoa zote mbili. Ameonyesha ni mtoto gani wa baba yupi. Ametuambia kwamba Catrina wa Van Brugh ndiye Trijntje aliyebatizwa Amsterdam, maana hakuwa na Roelofs mwingine wa jina hilo. Kisha anagawa vikombe vya fedha kwa baadhi ya wajukuu, na majina yao ni ushahidi mwingine: Roelof Kierstede, aliyepewa jina la baba yake Sara, Annetje van Brugh, jina la bibi yake mwenyewe, na Fytje, binti wa Willem Bogardus, aliyeitwa kwa shangazi yake aliyetangulia mbele ya haki. Huyu Fytje wa mwisho ananigusa kuliko wote. Willem hakuwa mtoto wa Roelof. Fytje aliyefariki alikuwa dada yake kwa mama tu. Bado akampa binti yake jina lake. Katika nyumba ile, mstari wa Roelofs na Bogardus ambao wanasheria waliuchora kwa rula haukuwa mkali hivyo.

Hakuna mahali katika wosia palipotajwa mali ya Uholanzi, amana, mfalme wala Webber. Mama aliyekumbuka hata vikombe vya wajukuu asingesahau hazina.

Mkanganyo mwingine unastahili kutajwa kwa sababu umezaa makosa katika miti mingi ya ukoo. Anneke alikuwa na ndugu, Marritje Jans. Mume wa kwanza wa Marritje ni Tymen Jansen, seremala wa meli. Akafariki. Wa pili akawa Dirck Cornelisen van Wensveen. Naye akafariki. Mwaka 1649 Marritje akaolewa na Govert Loockermans, mmoja wa wafanyabiashara matajiri wa koloni. Na Loockermans mwenyewe alikuwa mjane wa mke aitwaye Ariaentje Jans! Watu wameona Govert Loockermans ana mke "Jans" mwaka 1641 na mke "Jans" mwaka 1649, wakawafanya mtu mmoja. Wengine wakawafanya dada. Hawakuwa hiki wala kile. Dawa yake ni kuwafuata watoto. Binti wa Marritje kwa mume wa kwanza anaandikwa Elsje Tymens, yaani wa Tymen, na hawezi kuwa wa Loockermans. Huyu Elsje aliolewa baadaye na Jacob Leisler, kiongozi wa uasi wa New York wa 1689, aliyenyongwa mwaka 1691. Jina la baba, ambalo limewapotosha wengi katika kisa hiki, hapa ndilo linalookoa, mradi ujue linasema nini: linamtaja baba wa mtu huyo, basi, wala halisemi lolote kuhusu babu.

Waingereza walipoitwaa New Netherland mwaka 1664, utaratibu ulianza kubadilika. Makarani wapya walitaka jina la ukoo, na wanawake wakaanza kuandikwa kwa majina ya waume zao. Sara Roelofs ndiye mfano mzuri kuliko wote. Aliolewa na tabibu Kierstede mwaka 1642, kisha na Cornelis van Borsum, kisha na Elbert Elbertsz Stoothoff. Alijua lugha ya wenyeji wa eneo hilo hata Stuyvesant akamtumia kuwa mkalimani. Mwanamke huyohuyo mmoja anaweza kukupitia ukidhani umeona wanne. Tena uhusiano wake na Bogardus unathibitishwa na chanzo kisichokusudia nasaba kabisa: lalamiko la wakoloni dhidi ya utawala, la mwaka 1649, linasimulia jinsi gavana Kieft alivyotumia harusi ya binti wa kambo wa mchungaji kukusanya ahadi za michango ya kujenga kanisa, baada ya bilauri ya nne au ya tano, na kesho yake waliojiandikisha wakalazimika kulipa. Aliyeandika alitaka kumshtaki gavana. Sisi ametupa Sara.

Sasa turudi kwenye shamba, ambako ukweli umejificha ndani ya uongo. Mwaka 1667 gavana wa Kiingereza Nicolls aliwathibitishia warithi wa Anneke ardhi hiyo. Mwaka 1671 waliiuza kwa gavana aliyefuata, Francis Lovelace. Hati ya mauzo haikubeba sahihi ya upande wa Cornelis Bogardus. Cornelis alikuwa amefariki mwaka 1666 na kuacha mtoto mdogo. Ardhi ikaingia katika mashamba ya serikali, na mwaka 1705, enzi za Malkia Anne, ikatolewa kwa Kanisa la Trinity. Hapo ndipo kesi zilipoota: kama fungu moja halikuuzwa, bado ni la wenyewe.

Swali hilo lilikuwa halali kuulizwa. Mahakama ya New York ililijibu mwaka 1847 katika shauri la Bogardus dhidi ya Trinity, ikaamua kwamba kanisa limeishika ardhi waziwazi, kwa zaidi ya karne moja, likiipangisha na kukusanya kodi, na muda wa kuidai umekwisha pita. Warithi walishindwa kisheria.

Lakini hebu tuchukulie wangeshinda. Wosia unahesabu mafungu manane: manne ya upande wa Roelof, manne ya Bogardus. Lililokosa sahihi ni la Cornelis peke yake. Mwenye dai alipaswa kuthibitisha, kizazi kwa kizazi, kwamba anatoka kwa Cornelis. Na hata hivyo angegombea moja ya nane, baada ya kutoa gulden 1,000 za watoto wa Roelof. Wazao wa Sara, wa Catrina, wa Willem walitoka kwa watu waliouza kwa hiari yao. Vyama vya warithi havikuwauliza wanachama swali hilo. Vilipokea ada ya kila aliyekuwa na Anneke kwenye mti wake, awe amepitia kwa mtoto yupi, na hekaya ya Willem wa Orange ilifaa hasa kwa hilo: hazina ya mfalme haikuhitaji sahihi ya Cornelis, ingegawiwa wote. Hata waliojiunga kwa sababu tu jina lao ni Jansen walikaribishwa, ilhali hakuna mzao hata mmoja wa Anneke aliyepata jina hilo kutoka kwake. Watoto wake walikuwa Roelofs na Bogardus.